Mwalimu Tong Heyan, Aliyewaandika Watu Wangali Hai

Marehemu Mwalimu Tong Heyan alizaliwa tarehe 26 Machi 1874 hapa hapa Luoshi, mkoa wa Zhejiang, katika nyumba ya tatu kutoka Daraja la Kusini. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Tong Jishan, mtengenezaji wa mchuzi wa soya, na mkewe. Bibi yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakulia alipotoka tumboni. Alifumbua macho akamtazama mkunga, tena akamtazama kwa muda mrefu, mpaka mkunga akamfunika uso kwa kitambaa na kusema, “Huyu ana macho ya mtu anayedai deni. Mfundisheni kutazama chini.” Hakujifunza kutazama chini.

Alianza kusoma akiwa na miaka sita, kwa mwalimu wa ukoo. Mwaka 1896 alifaulu mtihani wa kifalme wa wilaya, na baba yake akachinja nguruwe wawili. Mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1905, wenzake wengi walikaa majumbani wakilia kama wajane. Yeye alikata nywele zake, akafunga mzigo, akaenda Hangzhou kusoma ualimu pamoja na vijana waliomzidi kasi kwenye hesabu na waliomwita “Babu.” Alihitimu mwaka 1908. Alirudi nyumbani akafundisha katika shule ya mji wetu miaka ishirini na minne, na wengi mliosimama hapa leo na vitambaa vyeupe vichwani mliwahi kupigwa kofi la kisogo na mkono wake mwepesi.

Mwaka 1893 alikuwa amemwoa Bi Yu Shuyin wa kijiji cha Yujia. Hawakuonana kabla ya siku ya harusi. Marehemu alipenda kusema kwamba alipofunua shela, kitu cha kwanza alichosikia kutoka kwa mkewe kilikuwa, “Kumbe si mfupi kama walivyosema.” Walipata mtoto mmoja tu, binti, Caiwei, aliyezaliwa mwaka 1896. Ndugu walimshauri aoe mke wa pili apate mtoto wa kiume. Akawajibu kwamba nyumba ni ndogo, na Shuyin peke yake alishaijaza kwa maneno. Binti yake hakusoma sana, kwa kuwa enzi zile wasichana hawakusomeshwa, ila baba mwenyewe alimfundisha herufi mezani kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hiyo aliamuru vitambaa vilivyokuwa vikibana miguu yake ibaki midogo, kama desturi ilivyotaka, vifunguliwe. Bibi ya mtoto aligoma kula siku nzima. Vitambaa havikurudi.

Mwaka 1919, Marehemu akiwa na miaka arobaini na mitano, alianza kuandika insha kwa lugha ya kila siku, ile tunayoisema sokoni, si lugha ya vitabu vya kale. Magazeti ya Shanghai yalizichapa. Aliandika juu ya ukuta mweupe baada ya mvua, harufu ya soya inapochacha, sauti ya mtu anayefagia theluji nje ya mlango wa mtu mwingine. Vitabu vyake viwili vilitoka mwaka 1923 na 1926. Watu wa mbali walisema maneno yake ni kama maji: unayanywa bila kuhisi kwamba umekunywa, kisha kiu inakwisha. Watu wa Luoshi walisema mengine, nayo lazima yasemwe hapa, kwa sababu hakuna kaburi lililofunika neno ambalo mji mzima unalijua.

Kwetu sisi, maisha ya mtu huandikwa jeneza likishapigiliwa misumari. Haandikwi mtu aliye hai. Kumwandika ni kumfungia hesabu yake kabla ya siku. Hivyo ndivyo wazee walivyotufundisha, na hata wasiojua kusoma wanalijua hilo. Marehemu alilijua pia. Lakini insha za siku hizi, alisema, si wasifu. Mtu anayepita mlangoni ni sawa na wingu linalopita. Kuna ubaya gani kuliandika wingu?

Wa kwanza kuandikwa alikuwa Mzee Gan, muuza tofu. Insha ile ilikuwa fupi. “Mzee Gan hubeba dunia mbili kwenye mti wa begani,” aliandika. “Upande huu tofu, upande huu ndoo ya maji yake ya kunywa. Tofu huisha adhuhuri. Maji huisha mapema zaidi. Huteka kisimani, hunywa, huteka tena, kana kwamba ndani yake kuna shamba la mpunga linalongoja mvua.” Mzee Gan alisomewa akacheka mpaka akakaa chini. Kabla ya sikukuu ya taa ya mwaka mpya uliofuata, alilala akawa hazinduki, akafa.

Wa pili alikuwa Fundi Miao wa miavuli. “Fundi Miao ameishi na karatasi ya mafuta miaka mingi hata rangi yake imemhamia machoni. Ukimsalimia, anakutazama kwa umanjano laini, kama mwavuli uliofunguliwa juani.” Mkewe Miao alilihifadhi gazeti lile ndani ya sanduku la harusi. Miezi mitatu baadaye alilitoa, akaliweka ndani ya jeneza.

Hapo ndipo mji ulipoanza kuhesabu. Kinyozi wa sokoni akawa akimwona Marehemu anakuja anapaza sauti, “Ficheni sura zenu, kalamu hiyo inakuja!” Watu wanacheka, lakini wanageuza vichwa. Muuza maharage ya viungo alimjazia kikapu bure na kumwambia, “Mwalimu, chukua, kula ushibe. Ila mimi nina watoto watano. Andika juu ya jirani yangu, yule ana paka tu.” Jirani naye akajibu kutoka ng’ambo ya kichochoro, “Weee! Paka wangu naye ana ndugu!” Marehemu alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka. Binti yake peke yake ndiye aliyeona kwamba, wakirudi nyumbani, baba alitembea pembeni kabisa mwa njia, macho ameyateremsha kwenye mawe, kama mtu anayebeba kisu kisicho na ala.

Mwaka 1927 alimwandika mkewe. Hakumwomba ruhusa, alimtazama tu kizingitini siku za kumenya maharage mabichi, kisha akakaa mezani. “Asubuhi pete inazunguka kidoleni mwake. Jioni pete imezama, kama jiwe la kisimani baada ya mvua kubwa: lazima uwe unajua lilipo ndipo ulione.” Insha ile ilisifiwa kuliko zote. Wanafunzi wa Hangzhou waliikariri. Bi Shuyin alipoisikia alisema, “Umeniandika mimi au umeandika pete?” Ikafika baridi, miguu yake ikavimba, kisha tumbo, akawa hawezi kulala chali. Alifariki tarehe 11 Februari 1928.

Baada ya mazishi yale Marehemu alikaa na vitabu vyake viwili siku nyingi, akisoma maneno yake mwenyewe kama mtu anayekagua nyumba ya mgeni. Siku moja alimwita binti yake akamwambia, “Caiwei, wanasema mimi naita kifo. Si kweli. Lakini kuna jambo baya zaidi.” Binti akauliza, “Lipi, Baba?” Akasema, “Kiu ya Gan niliiona. Macho ya Miao niliyaona. Pete ya mama yako niliiona ikizama kila jioni, miezi minne. Niliyaona yote mapema kuliko daktari yeyote. Nikayaona mazuri.”

Kuanzia siku hiyo hakumwandika tena mtu. Miaka minane aliandika mvua, kuta, maua ya yungiyungi, vumbi juani. Mji ukatulia. Kinyozi akarudi kumnyoa bila kufumba macho, na watoto wakacheza mlangoni kwake.

Katika miaka hiyo furaha yake kubwa ilikuwa mjukuu wake wa pekee, Lianju, mtoto wa Caiwei na mumewe Zhai Mingde, aliyehamia nyumba ya mkewe na kuuendeleza ufundi wa soya. Lianju alizaliwa mwaka 1921. Babu alimfundisha kusoma, kuogelea, na kumjibu mjomba yeyote anayemwuliza ataolewa lini. “Mwambie unamngoja mwanawe akue,” alimfundisha, na mtoto akasema hivyo hivyo mbele ya wageni wa mwaka mpya.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huu binti yake, akianika mboga za chumvi uani, alinyanyua kichwa akaona baba ameketi dirishani, haandiki, anatazama. Alifuata macho yake. Yalikuwa yamemkalia Lianju, aliyekuwa anapanda ngazi za ghala na kikapu cha soya. Siku iliyofuata ilikuwa vile vile. Siku ya tatu wino ulikuwa umesagwa na karatasi imetandazwa. Mama yeyote aliye hapa anajua damu inavyotembea wakati kama huo. Aliingia na mikono yake ya chumvi akasimama kati ya baba na dirisha.

“Baba, unaandika nini?”

“Ondoka kwenye mwanga, binti yangu.”

“Nakuuliza kwa heshima. Unamwandika nani?”

Alichovya brashi kwenye wino.

“Si mtoto wangu, Baba. Andika mimi. Nimeshaishi, nimeshazaa. Niandike mimi nikiwa nimesimama hapa hapa na mikono michafu. Si huyu.”

Marehemu aliweka brashi chini. Akasema, “Keti. Wewe humtazami mtoto wako?”

“Nimtazame mara ngapi? Hata nikilala namtazama.”

“Basi niambie, akifika katikati ya ngazi anafanya nini?”

Binti alijipangusa chumvi mikononi. Alikuwa ameona. Alikuwa ameona tangu majira ya kuchipua, akajiambia kwamba ni umri, ni usichana, ni joto. Mganga wa mitishamba wa mji alishika mshipa wa mkono wa mtoto akaagiza tende nyekundu zichemshwe. Zilichemshwa sufuria kwa sufuria. Na katika nyumba zetu jambo la kutisha halitamkwi, kwa kuwa ukilitamka umelifungulia mlango.

“Nitalisema mimi,” alisema Marehemu. “Mimi ni mzee, tayari nimeshaogopwa. Safari hii siandiki kwa ajili ya gazeti. Naandika kwa ajili ya daktari wa Hangzhou, asome alichokiona mtu anayeishi naye, kwa sababu akiingia kwa daktari yule mtoto atakaa kitini, atatabasamu, atasema hajambo. Mwezi wa kumi nitampeleka mwenyewe.”

Hakumpeleka. Tarehe 4 Oktoba alirudi kutoka kwa mfunga vitabu akiwa amelowa mvua, na homa ikampanda. Ilishuka, ikapanda tena, ikaingia kifuani. Aliuguzwa nyumbani na binti yake na mkwe wake. Hakulalamika, isipokuwa juu ya uji, kwamba siku hizi unapikwa na watu wanaowachukia wazee. Katikati ya homa aliendelea kuandika, mistari michache kila asubuhi, Lianju akimshikia kidau cha wino bila kujua kinachoandikwa. Tarehe 15 Novemba alimwomba binti yake afunge mlango, akamsomea kurasa zote kwa sauti iliyokuwa imebaki. Sehemu moja ilisema:

“Hupanda kama ndege. Kisha katikati husimama, mkono juu ya nguzo, kichwa kimeinama, kana kwamba kuna mtu chini amemwita kwa sauti ndogo. Midomo yake huwa na rangi ya forosadi. Hajala forosadi. Si msimu wake. Akiona natazama, huanza kuimba, ili nisisikie pumzi yake.”

Alipomaliza alisema, “Sikuiremba, Caiwei. Nilijaribu kuiandika vibaya. Haikuandikika vibaya.” Kisha akasema, “Usimpe mtu achape.”

Marehemu aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Novemba 1936, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Nje muuza maharage ya viungo alikuwa anapita, akanyamaza alipofika mlangoni bila kuambiwa na mtu.

Alhamisi, maandalizi yakiendelea, Lianju alianguka kwenye ngazi za ghala akiwa na ndoo ya maji. Wengi mlikuwepo, mliona. Mlimwona amelala kwenye maji yaliyomwagika, midomo ya rangi ile, na mlisikia mtu akisema kwa sauti, “Mwalimu amemwandika.” Aliyesema hilo hakulisema kwa ubaya. Alisema kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho mdomoni. Mtoto alizinduka baada ya muda, akaomba radhi kwa kumwaga ndoo.

Adhuhuri ile ile kaka wa Marehemu, Mzee Tong Borong, mwenye umri wa miaka sabini, ambaye ndiye mkuu wa ukoo na msimamizi wa mazishi haya, aliwaita binti na mkwe chumbani kwa jeneza. Alitaka kurasa zile. Shauri lake lilikuwa zichomwe leo pamoja na fedha za karatasi za wafu, zimfuate aliyeziandika, ili mkataba wa kalamu na kifo uvunjike. “Kilichoandikwa na mfu kirudi kwa mfu,” alisema. “Mtoto atapona.”

Binti akamwambia, “Baba Mkubwa, Mzee Gan gazeti lake lilichomwa. Fundi Miao alizikwa nalo. Nani alirudi?”

“Unabishana nami mbele ya jeneza?”

“Sibishani. Nasema karatasi hizi haziungui. Zinakwenda Hangzhou kwa daktari, pamoja na mtoto. Jumatatu, kwa gari moshi la asubuhi.”

Mzee Borong alishika mkongojo wake kwa mikono miwili. “Jumatatu ni siku ya saba. Roho ya baba yako inarudi nyumbani Jumatatu. Itakuta nini? Mlango umefungwa, chakula hakuna, mtoto wake wa pekee yuko stesheni na kikapu? Na nani atampokea hospitalini mtu aliyevaa kitani cha msiba? Subiri saba zote saba, siku arobaini na tisa za msiba, zipite kama watu wenye adabu. Baada ya mwaka mpya nendeni mnakotaka.”

“Baada ya mwaka mpya,” alisema binti, “utaniita tena chumba hiki hiki.”

Zhai Mingde, mumewe, mtu ambaye katika miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kumpinga mkubwa wa ukoo huu, alisema pale pale, “Baba Mkubwa, mlango nitaufungua mimi. Wali nitaupika, mvinyo nitaumimina, taa nitaiwasha. Mzee akirudi nitamwambia wamekwenda wapi. Yeye ndiye aliyewatuma.”

Mzee Borong aliutazama ubani mpaka ukaanguka majivu. Halafu akasimama, akasema, “Siku hizi masikio yangu hayasikii vizuri. Sijui mmesema nini,” akatoka kwenda kuwakaripia wapiga zumari.

Wanaodhani binti huyu anavunja msiba wa baba yake wamkasirikie, ana mabega. Wanaodhani kalamu ya Marehemu iliua, wasomewe tena insha zake polepole, wasikilize kila mstari kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Alichokuwa nacho Mwalimu Tong kilikuwa macho. Walioyaogopa waliyaogopa kwa sababu yaliona kweli. Kama macho hayo yamewahi safari hii au yamechelewa, hakuna anayejua. Jana mtoto alishindwa kumaliza bakuli la uji. Leo asubuhi alipanda mlima huu akiwa amebebwa mgongoni na baba yake, na aliomba ashushwe kabla ya kona ya mwisho ili aje kaburini kwa miguu yake. Alisimama mara nne.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Mzee Tong Borong, binti mmoja, Tong Caiwei, mkwe, Zhai Mingde, wanafunzi wasiohesabika, na mjukuu mmoja, Zhai Lianju, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, aliyesimama kushoto kwa kaburi akiwa ameshika taji la maua. Wazee walitaka jina lake lisisomwe leo, lisije likasikiwa na wanaosikiliza chini ya ardhi. Mama yake ameona vema lisomwe, tena kwa sauti, na lichapwe, katika orodha ya walio hai.

Baba, hizi ndizo herufi ulizonifundisha mezani; pumzika sasa. Mwache mtoto, tumemshika sisi.